Gemu za bure: anayelipa amekuzidi kwa kiasi gani?

SWALI: Kwenye gemu ya kurushiana risasi ninayocheza, skini ya bunduki ya kununua (yaani mwonekano mpya wa bunduki) inaongeza nguvu ya risasi kwa asilimia 4. Wenzangu wananicheka, wanasema asilimia 4 si kitu, ni mimi tu sina shabaha. Nani mkweli?

JIBU: Acha asilimia, hesabu risasi. Tuseme adui ana uhai 200 na kila risasi inamtoa 28. Risasi 7 zinafika 196, kwa hiyo bado amesimama na unahitaji ya nane. Mwenye skini anatoa 29.12, na risasi zake 7 zinafika 203.84. Hapo kazi imekwisha. Bunduki ikitema risasi 10 kwa sekunde, yeye anakuangusha ndani ya sekunde 0.6, wewe unahitaji 0.7, kwa kuwa risasi ya kwanza hutoka papo hapo. Mkianza pamoja na hakuna anayekosa, unakufa wewe, hata uwe na shabaha gani.

Sasa chukua bunduki inayotoa 30. Bila skini ni risasi 7. Ukiwa na skini kila moja inatoa 31.2, na bado ni 7. Nyongeza ni ile ile, faida hakuna. Ndiyo maana ubishi wenu hauishi: kila mmoja anazungumzia bunduki yake.

Pima mwenyewe. Ingia uwanja wa mazoezi, simama umbali ule ule, lenga kifua tu, uhesabu risasi za kuangusha sanamu ukiwa na skini na bila skini. Rudia sanamu ikiwa imevaa kinga, kwa sababu kinga hupunguza nguvu ya kila risasi na hesabu yote inahama. Rudia pia kwa mbali, maana bunduki nyingi hudhoofika kadiri adui anavyokuwa mbali. Idadi isipobadilika popote, wenzako wana haki ya kucheka. Ikipungua hata risasi moja kwa umbali mnaopigania kila siku, hiyo skini ni silaha nyingine, si pambo. Mkicheza wenyewe kwenye chumba binafsi, tafuta kwenye mipangilio kama sifa za skini zinaweza kuzimwa. Gemu kama Dota 2 zimeukwepa mzozo huu kwa kuwapa wote mashujaa wote bure na kuuza mavazi.

SWALI: Kisanduku cha bahati, kile unachonunua bila kujua kilichomo, kimeandikwa "nafasi asilimia 1". Nikifungua 100 si lazima nipate?

JIBU: Hapana. Kila kisanduku hakikumbuki kilichotangulia. Nafasi ya kukosa mara 100 mfululizo ni 0.99 ikizidishwa yenyewe mara 100, yaani karibu asilimia 37. Ukitaka uhakika wa asilimia 95, andaa visanduku 299.

Baadhi ya gemu huweka dhamana, na hapo ndipo pa kusoma maandishi madogo. Genshin Impact, kwa kila jaribio, inatoa nafasi ya asilimia 0.6 ya kupata mhusika wa nyota 5 (walio adimu zaidi), na huwezi kuvuka majaribio 90 bila kupata mmoja. Lakini anaweza kuwa siye uliyemtaka. Anayefuata ndiye wa uhakika. Kwa hiyo bajeti ya siku mbaya ni majaribio 180, kila moja vito 160: jumla 28,800. Huna hizo, usianze. Kufika nusu ya njia ndiko kunakowafanya watu wafungue pochi.

Asilimia hizi za nafasi hazikuwekwa wazi kwa hisani. China ililazimisha zitangazwe mwaka 2017, Korea Kusini mwaka 2024. Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2018 mamlaka yake ya michezo ya kubahatisha iliamua kuwa visanduku vinavyolipiwa ni kamari.

SWALI: Silipi hata senti. Nitafika popote kwenye gemu za kadi?

JIBU: Utafika, ila usigawe dhahabu yako. Clash Royale inatumia kadi 8 kwa pambano, na kila ngazi ni ghali kuliko iliyopita. Pandisha 8 hizo tu, zingine ziache zilale, hata ile mpya inayosifiwa na kila mtu. Mara nyingi hupunguzwa makali baada ya wiki chache, na dhahabu hairudi. Na ofa inayojitokeza mara tu baada ya kufungwa mara tatu mfululizo, ifunge bila kuisoma.