Hilux ya dizeli inayogoma asubuhi: tafuta hewa kabla ya kushusha pampu

Swali: Ninamiliki pikapu aina ya Hilux yenye injini ya 5L (hilo ni jina la modeli ya injini, si lita tano), dizeli isiyo na turbo, ninayoitumia kubeba viazi kutoka shambani hadi Makambako. Kwa miezi mitatu sasa haiwaki asubuhi mpaka nifungue boneti na kubonyeza mara ishirini au thelathini ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli. Ikishawaka huenda vizuri, lakini nikiwa na mzigo mlimani hupoteza nguvu. Dizeli naihifadhi nyumbani katika mapipa mawili kwa sababu kituo kiko mbali. Fundi anasema pampu ya injini imekwisha, hivyo ishushwe na kupelekwa kwa mtaalamu. Je, ninaweza kupata uhakika kabla sijatoa fedha hizo? Na chini ya boneti niangalie nini kingine mimi mwenyewe? — Msomaji, Njombe

Jibu: Ndugu yangu, usikubali pampu ishushwe kwa sasa. Maelezo yako yanaelekeza kwenye hewa inayoingia katika njia ya mafuta kuliko kwenye pampu iliyochakaa, kwa sababu pampu ya aina hii ikichakaa kwa kawaida husumbua zaidi injini ikiwa ya moto: dizeli iliyopata joto huwa nyepesi, hupenya katika nafasi zilizotanuka ndani ya pampu, na gari ulilolizima kwa dakika kumi ukinunua maji njiani hukataa kuwaka tena. Gari lako linafanya kinyume cha hayo. Linagoma baada ya kulala usiku kucha, na linapona mara tu unaporudisha mafuta kwa mkono. Kwa fundi wa dizeli, hilo la kupona kwa mkono ndilo jambo lenye uzito kuliko yote uliyoandika.

Ili uelewe sababu, ni lazima ujue kwamba Hilux yako haina pampu ya umeme ndani ya tangi inayosukuma mafuta kwenda mbele. Pampu iliyo kwenye injini ndiyo inayonyonya dizeli yenyewe, kuanzia tangini, kupitia mabomba ya chuma yaliyo chini ya gari, mipira, chujio na ile pampu ya mkono. Kwa hiyo njia yote hiyo hufanya kazi kwa kunyonya, na tundu dogo likitokea popote, injini inapozunguka, hewa huingia ndani badala ya dizeli kutoka nje. Hapa ndipo wengi hupotea. Fundi huangalia chini ya gari, haoni hata tone moja, anatangaza kwamba hakuna panapovuja, kisha lawama zote zinaiangukia pampu. Usiku injini ikiwa imezimwa, hewa hupenya polepole katika tundu hilohilo, mafuta yanateremka kurudi tangini, na asubuhi pampu inakuta bomba tupu.

Anza na jaribio lisilohitaji hata spana. Kesho asubuhi, kabla hujapampu kwa mkono, mwombe mtu apige stata huku wewe ukitazama bomba la moshi. Ukiona moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi, ujue mafuta yanafika kwenye silinda ila hayashiki moto, na hapo wa kuchunguzwa ni plagi za kupasha joto, ambazo gerejini huitwa hita plagi, pamoja na betri na hali ya injini yenyewe. Usipoona moshi wowote, mafuta hayafiki. Nina matumaini makubwa kwamba utaona hilo la pili.

Baada ya hapo nunua kipande cha mpira angavu wa plastiki, unaostahimili dizeli na wenye kipenyo sawa na mipira iliyopo, ukifunge kwa klipu kati ya chujio na pampu ya injini. Pampu kwa mkono, washa gari, uache injini ingurume huku ukitazama ndani ya mpira huo. Mapovu machache ya mwanzo ni ya kawaida kwa sababu umefungua njia, lakini yakiendelea kupita baada ya dakika tano, hewa inaingia nyuma ya hapo unapotazama. Sehemu ya kwanza kushuku ni pampu ya mkono yenyewe, ambayo ndani yake ina utando wa mpira unaochanika kwa uzee, na wewe umeutumikisha kila asubuhi kwa miezi mitatu. Inayofuata ni oringi, yaani pete ya mpira, ya kihisi cha maji kilicho chini ya chujio, ambayo hubanwa vibaya au husahaulika wakati wa kubadilisha chujio, kisha ncha za mipira zilizokakamaa chini ya klipu. Usiisahau pia ile mipira myembamba ya kurudishia mafuta iliyo juu ya nozeli, yaani vipulizia mafuta vya silinda, kwani ikishapasuka huruhusu hewa kuingia upande wa marejeo na njia kujimwaga usiku, ingawa mpira wako angavu hauonyeshi kitu. Bei yake ni ndogo, ibadilishe yote kwa pamoja.

Jaribio ambalo mimi binafsi hulitegemea kuliko yote ni la dumu. Chukua dumu safi la lita tano lenye dizeli safi, lifunge imara mahali palipo juu kidogo ya injini na mbali na bomba la moshi, upeleke mpira kutoka dumuni moja kwa moja kwenye mlango wa kuingizia mafuta wa pampu ya injini, na mpira wa marejeo uurudishe dumuni humo humo. Toa hewa, washa gari, kisha lizime na uliache lilale hivyo mpaka asubuhi. Likiwaka mara moja bila kubonyezwa kwa mkono, pampu yako ya injini haina hatia, na kasoro iko kati ya tangi na mahali ulipounganisha.

Unapotoa hewa pampu ya mkono ikiwa njiani, ibonyeze hadi uhisi ugumu, kisha washa. Ikiwa bado inasitasita, au ukiwa kwenye jaribio la dumu ambako pampu ya mkono haimo njiani, legeza kwa nusu mzunguko nati za mabomba kwenye nozeli mbili, piga stata mpaka dizeli itoke pasipo mapovu, ukaze tena. Usisogeze kidole mbele ya nati iliyolegezwa, maana dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi, na jeraha hilo ni la kupelekwa hospitali haraka hata kama tundu lake ni dogo kama la sindano. Wasomaji wenye Hilux za kuanzia 2005 zenye injini za D-4D naomba wasiige hatua hii hata kidogo, kwa kuwa mabomba yao hubeba shinikizo la mafuta linalozidi bar 1,000 na hayafunguliwi injini ikizunguka.

Sasa nije kwenye udhaifu wa mlimani, ambao unaweza kuwa ni hewa hiyohiyo, kwa kuwa injini ikihitaji mafuta mengi mnyonyo huongezeka na tundu huvuta zaidi, lakini pia unaweza kuwa ni njia iliyoziba. Rangi ya moshi itakuongoza tena. Gari likikosa nguvu bila moshi mweusi, dizeli haitoshi: chujio limejaa, au ile chekeche ndogo iliyo ndani ya tangi imeshika uchafu, au kitundu cha hewa cha kifuniko cha tangi kimeziba. Hili la kifuniko hupuuzwa sana, ilhali kulipima ni kusimamisha gari mahali salama mara tu linapolegea, kufungua kifuniko na kusikiliza. Ukisikia hewa ikifyonzwa kwa nguvu kuingia ndani, na gari likapata nguvu baada ya hapo, umekipata chanzo. Likikosa nguvu huku likitoa moshi mweusi, basi ni hewa ya kuchomea mafuta iliyopungua, na utazame chujio la hewa. Ulipulize kutoka ndani kwenda nje kwa upepo wa wastani, kamwe usiligonge kwenye tairi kama ilivyo desturi, na karatasi ikishatoboka ulitupe. Hata hivyo, kumbuka kwamba mahali penye mwinuko unaokaribia mita 2,000 shinikizo la hewa hupungua kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na pwani, na injini isiyo na turbo haina njia ya kufidia pengo hilo. Hilux yako haitapanda na tani ya viazi kama ambavyo ingepanda ikiwa Tanga, na hakuna fundi anayeweza kulirekebisha hilo kwa kufungulia pampu mafuta zaidi. Atakuletea moshi na joto tu.

Kuhusu mapipa, naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu nadhani hapo ndipo penye mzizi wa uchafu wa mafuta yako. Pipa la lita 200 lililosimamishwa nje hukusanya maji ya mvua juu ya bapa lake, kuzunguka vizibo. Mchana dizeli na hewa iliyo ndani hutanuka kwa jua, usiku wa baridi ya Njombe hujikunja, na pipa likavuta ndani maji yale kupitia nyuzi za kizibo ambacho kwa macho kinaonekana kimekazwa. Baada ya wiki chache kuna maji chini ya pipa, na maji huleta kutu pamoja na ule utelezi mweusi wa vijidudu unaoziba machujio. Yaweke mapipa chini ya paa, au uyalaze kwa ubavu juu ya mbao huku vizibo viwili vikiwa katika mstari mlalo, ili dizeli iviloweshe kwa ndani na hewa isipite. Pipa jipya lililoletwa liache litulie angalau siku nzima kabla ya kuchota, mpira wa kuchotea uishie sentimita kumi juu ya sakafu ya pipa, na mafuta yapitie kitambaa kizito kabla ya kuingia tangini. Jaza tangi jioni badala ya asubuhi, kwani tangi lililo tupu nusu hutoa jasho ndani wakati wa usiku.

Mnunulie dizeli mtu unayemjua. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama maalumu za utambuzi, katika mafuta mwaka 2010 ili kuwabaini wanaochanganya, lakini kinga hiyo haina nguvu mafuta yanapopita mikononi mwa wachuuzi wa madumu. Mafuta ya taa yaliyochanganywa katika dizeli hayalainishi vya kutosha, na pampu ya injini yako haina oili ya kujilainisha. Hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Ikiwa siku moja pampu hiyo itakufa kweli, kifo chake kitatokana na maji au mafuta ya taa kabla hakijatokana na umri.

Kila wiki, weka chupa chini ya chujio, legeza kizibo cha kutolea maji, pampu kwa mkono mpaka ijae kidogo, uiache chupa itulie kwa saa moja. Maji yatajitenga chini. Usisubiri taa ya chujio kwenye dashibodi, ambayo huenda ikawa waya wake ulikatika zamani. Chujio lenyewe ningekushauri ulibadilishe kila kilomita 10,000 maadamu unatumia mapipa, ukilipaka dizeli kwenye gasketi na kulikaza kwa mkono tu.

Mengine ya chini ya boneti nitayapitia kwa kifupi, isipokuwa mikanda. Mkanda wa ndani, yaani taiming belti, hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika vali hugongana na pistoni. Ikiwa hujui mara ya mwisho ulibadilishwa lini, hesabu kwamba umechelewa. Mkanda wa nje unaozungusha alternata una siri ambayo madereva wengi hawaijui: katika familia hii ya injini, pampu ya upepo inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alternata. Ukikatika mkanda huo ukiwa unateremka na mzigo, hupotezi chaji peke yake, bali baada ya kukanyaga mara chache breki huwa ngumu kama ukuta. Tazama mkanda huo kila Jumapili, na ukiona nyufa au uzi uliochomoza, usisafiri nao. Tazama pia mipira ya oili inayokwenda nyuma ya alternata hiyo, kwa kuwa huvuja na kuimaliza oili ya injini polepole.

Rejeta ijazwe kulanti, yaani dawa ya kupoozea injini, iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu, si maji ya mtoni, kwani silinda hedi ya injini hizi hupasuka kirahisi injini ikichemsha, na kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000. Betri iliyopumzika usiku kucha isome volti 12.4 au zaidi, maana dizeli hii hubana hewa karibu mara 22 ili ipate joto la kuwasha, na stata inayozunguka kivivu haifikishi joto hilo. Plagi za kupasha joto zipime moja moja baada ya kuondoa kibati kinachoziunganisha: taa ya majaribio iliyotoka kwenye chanya ya betri ikiguswa juu ya plagi nzima huwaka, na juu ya iliyokufa haiwaki.

Ukimaliza yote haya, na jaribio la dumu likaonyesha kwamba gari bado linagoma asubuhi, hapo mruhusu fundi aishushe pampu. Lakini mtake achore alama kati ya pampu na mahali ilipofungwa kabla ya kulegeza nati ya kwanza, na wakati wa kuirudisha arekebishe taiming yake kwa geji badala ya kukisia kwa sauti ya injini, kisha abadilishe mkanda wa ndani siku hiyohiyo, kwa sababu ndio unaoizungusha pampu hiyo na tayari atakuwa ameufungua.