Kilichowaua ni jua au ni risasi? Kwa wanaoanza kazi ya nematodi, vijinyoo vya udongoni

Wadogo zangu, sampuli zangu za mwanzo nilizichimba Pemba, kwenye konde la muhogo lililo jirani na mahali ambapo watu walikuwa wakichoma nyaya wapate shaba na kuvunja betri za gari watoe risasi. Nikazifunga vizuri, nikazibandika majina, nikateremka nazo Mkoani kupanda boti. Nikaziacha juani, mwenyewe nikakaa kivulini hadi Unguja.

Maabara nikazitia kwenye faneli ya Baermann. Siku nzima na usiku kucha hawakushuka ila nematodi wawili watatu. Nikaandika kwamba metali nzito, kama hiyo risasi na shaba, zimewamaliza. Haikuwa kweli. Faneli ile inamtaka mnyoo aliye hai, ajipenyeze mwenyewe kwenye kitambaa, azame majini mpaka kwenye mpira uliobanwa chini. Wangu walikwisha pikwa na jua njiani. Basi chukueni boksi la barafu, na barafu isiguse udongo: ubaridi wa friji unatosha, friza inaua.

Ndoo ya bati msiitumie. Bati limepakwa zinki, na zinki ndiyo mnayokwenda kuipima.

Jambo linalowapoteza wengi ni hesabu. Mtu anaona nematodi wamejaa chini ya darubini, anasema udongo huu ni mzima, hauna sumu. Mtazameni kwanza mdomo. Mwenye mdomo kama bomba wazi anakula bakteria. Mwenye sindano anachoma, mara nyingi mzizi au uzi wa kuvu. Mwenye kinywa kipana chenye jino, kama Mononchus, ni mwindaji, anawameza wenziwe. Wala bakteria wa jamii ya Rhabditidae wanazaana kwa siku chache tu, na palipomwagwa taka za jikoni wanaweza kufurika hata kama metali ipo. Wanaotoweka mapema ni wakubwa wanaoishi muda mrefu na kutaga mayai machache: wawindaji, na wale wa kundi la Dorylaimida.

Tom Bongers alitoa mwaka 1990 kipimo kinachowapa nematodi daraja 1 hadi 5, wa 1 wakiwa hao wepesi wa kuzaana, wa 5 wakiwa wasiostahimili msukosuko. Wastani wake unaitwa fahirisi ya ukomavu. Ni kipimo kizuri, lakini mbolea ya ng'ombe nayo huishusha fahirisi, kwa kuwaongeza wa daraja la 1. Ndiyo maana kwenye uchafuzi wengine huwatoa hao, wakahesabu wa 2 hadi 5 peke yao. Mimi huandika zote mbili, na humuuliza mwenye shamba alitia samadi lini.

Halafu linganisheni udongo wa aina moja: kinongo kwa kinongo, kichanga, yaani wa mchanga, kwa kichanga. Ukichukua udongo mchafu kwenye kichanga na ule safi kwenye kinongo, tofauti utakayoiona huenda ni ya udongo wenyewe. Udongo wa uwanda nao umetokana na mawe ya matumbawe, una chokaa, na chokaa huzishika shaba na zinki zisiwafikie viumbe kwa wepesi; kwenye udongo wenye asidi kiasi kilekile kinaumiza zaidi. Kwa hiyo pH, yaani kiwango cha asidi, ipimwe kila sampuli, bila kuruka hata moja.

Na piteni kwa sheha kabla ya kutia jembe. Siku moja nilikuwa nachimba pembeni mwa matuta ya mchicha, mwenyewe akaja, mama mtu mzima, akaniuliza: "Mwanangu, mchicha huu tule au tusile?" Nematodi hawawezi kulijibu swali hilo. Tangu siku ile kila nikichukua udongo nachuma na majani, nayaosha, nayapeleka yapimwe risasi na kadimiamu. Majibu yakitoka narudi kwanza kwa mwenye matuta, ndipo nakaa kuandika ripoti.