Jibu: DOS iliishindaje CP/M?

Mkuu, umeuliza kama DOS, mfumo wa kuendesha kompyuta, ilishinda kwa kuwa bora kuliko mfumo mwenzake CP/M. Hapana, bei ndiyo iliyoamua. IBM walipotangaza PC yao Agosti 1981, mnunuzi aliahidiwa mifumo mitatu: PC DOS, CP/M-86 na p-System ya UCSD. DOS iliuzwa dola 40. CP/M-86 haikuwa tayari, na ilipoingia sokoni mwaka uliofuata bei yake ilikuwa dola 240. Nani alipe mara sita kwa kitu kinachofanya kazi ile ile?

Kichekesho ni kwamba DOS yenyewe iliiga CP/M. Tim Paterson wa Seattle Computer Products aliiandika hivyo makusudi, ili programu za CP/M zihamishike kirahisi. Hata ile A> inayokusubiri uandike amri imetoka huko. Microsoft wakainunua, wakawapa IBM leseni, ila haki ya kuwauzia wengine wakabaki nayo. Hapo ndipo penye hela! Hadithi ya Gary Kildall, aliyeunda CP/M, kuwa angani na ndege yake siku IBM walipobisha hodi kuitaka hunogeshwa mno; haielezi ile tofauti ya dola 200.