Kwa anayeanza kuwaandikia tovuti watu wa teknolojia

Kampuni ndogo ya programu hapo Mjini Unguja inataka ukurasa wa mwanzo wa mfumo wake wa nafasi za hoteli. Inakuletea maelezo ya mistari mitatu, na ndani yake mna "suluhisho bunifu la kidijitali kwa sekta ya ukarimu". Anayeanza huikalia sentensi hiyo kuipamba. Iache. Omba akaunti ya majaribio, uingie, uweke nafasi ya chumba, uighairi, uandike kila kilichotokea. Kisha omba nusu saa na fundi aliyeujenga mfumo, usitosheke na mtu wa mauzo.

Muulize nani anaushika mfumo kila siku, mwenye hoteli au kijana wa mapokezi, na kabla yake alikuwa akitumia nini, daftari au Excel. Tuseme jibu ni kwamba hoteli ya Paje ilikuwa ikiuza chumba kimoja mara mbili, kwa mgeni wa tovuti yake na kwa mgeni wa Booking.com, tovuti ya nje inayowauzia wageni vyumba vya hoteli. Hapo umepata cha kuandika: "Chumba kikilipiwa hapa, kinajifunga papo hapo kwenye kalenda zako zote." Lakini hilo "papo hapo" umelitoa wapi? Kalenda zikiwa zimeunganishwa kwa faili la iCal, yaani faili la tarehe ambalo kalenda moja huisomea nyingine, faili hilo husomwa kila baada ya muda fulani. Fundi akikwambia ni kila dakika 15, andika "ndani ya dakika 15". Ahadi uliyoikuza itamkuta kijana wa mapokezi akiwa na wageni wawili na ufunguo mmoja.

Maneno madogo ndiyo yenye kazi kubwa, na wengi huyaandika mwisho wakiwa wamechoka. Chukua "Hifadhi". Kwenye programu nyingi ni kuweka mabadiliko yasipotee, na kwenye mambo ya hoteli watu husema pia kuhifadhi chumba. Kitufe chenye neno hilo peke yake kitamfanya mgeni aliyetaka kubadili namba yake ya simu adhani ananunua usiku mwingine. Weka "Weka nafasi" kwa chumba, "Hifadhi" ibaki kwa mabadiliko. Vivyo hivyo ukiuliza "Unataka kughairi nafasi?" halafu ukatoa vitufe vya "Ghairi" na "Sawa", hakuna atakayejua abonyeze kipi. Andika "Ndiyo, ghairi" na "Hapana, ibaki".

Ujumbe mfupi wa simu una hesabu yake, na hapa Kiswahili kina mtego. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Ikiingia alama moja tu isiyokuwemo katika seti ya kawaida ya herufi za simu, nafasi inashuka hadi 70, na ukigawika kila kipande kinabeba 67. Sasa andika "Mzigo wako umefika tawi la Ng'ambo" kwenye Word: ritifaa ya Ng'ambo, ile alama iliyo baada ya "Ng", hujipinda yenyewe, na ritifaa iliyopinda haimo katika seti hiyo. Ujumbe wa herufi 140 uliotakiwa kwenda kama mmoja unakwenda kama mitatu, na mteja wako analipia mitatu kwa kila mpokeaji. Zima ubadilishaji huo wa Word, au pitisha ujumbe wote kwenye kihariri cha maandishi matupu kabla ya kuukabidhi.

Kichwa cha ukurasa kinachoonekana kwenye Google kisizidi herufi 60 hivi, na maelezo yake 155 hivi. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo jambo lenyewe litangulie, jina la kampuni lifuate.

Sisi wa Visiwani tuna deni jingine. Kiunguja ndicho msingi wa Kiswahili sanifu, na hilo hutufanya tuamini kila neno letu linafika kila mahali. Duka la mtandaoni likiandika tungule na mbatata, mnunuzi wa Mwanza anatafuta nyanya na viazi na hapati kitu. Yaweke yote mawili, moja lionekane, jingine liwemo kwenye maneno ya utafutaji. Saa nazo: boti ya "saa 1:00" ni ya asubuhi kwetu na ya mchana kwa mgeni. Andika "saa 1:00 asubuhi (07:00)".

Kuhusu pesa, toza kwa ukurasa au kwa kazi nzima, chukua nusu kabla hujaanza, na taja awamu mbili za marekebisho pamoja na jina la mtu mmoja mwenye idhini ya kukubali. Nusu ya pili ifungwe na rasimu iliyokubaliwa. Ukiifunga na siku ya tovuti kwenda hewani, utangojea mafundi wamalize, na mafundi huchelewa kwa miezi. Mteja wa nje muulize mapema atatuma pesa kwa njia gani na nani atabeba makato.

Kabidhi maneno katika jedwali: mahali yanapokaa, maneno yenyewe, idadi ya herufi. Tovuti ikishapanda, azima simu ndogo ya bei rahisi, iwe na bando wala si Wi-Fi, uipitie yote mpaka malipo. Hapo ndipo utakapokiona kitufe ulichokiandika "Endelea kulipia" kikisomeka "Endelea kuli…", na bado kuna nafasi ya kukiandika "Lipa".