Anzeni na maji kabla ya rangi
Ndugu, umeuliza waumini wanaojitolea waanze na kazi ipi katika jengo lenu la kanisa la zamani, ambalo rangi ya kuta inabambuka na uwanja umejaa magugu. Anzeni na maji: zibueni mifereji ya paa, kisha hakikisheni ardhi inateremka kutoka kwenye msingi, kwani rangi mpya juu ya ukuta wenye unyevu itabambuka tena. Ikiwa mawe yalijengwa kwa chokaa, msizibe nyufa kwa saruji, ambayo ni ngumu mno na hufungia unyevu ndani hadi mawe yenyewe yakamomonyoka. Kazi ya kupanda paani, tafadhali sana, mwachieni fundi mwenye vifaa vya usalama. Magugu myang'oe baadaye, ila yanayogusa ukuta yaondoeni mapema.