Mwanangu amepata kingo 7 kwenye piramidi: kosa liko wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita. Kwenye zoezi la piramidi yenye kitako cha mraba aliandika nyuso 4, vipeo (kona) 5, kingo (mistari ambako nyuso mbili hukutana) 7, akakosa. Anashikilia kwamba yuko sahihi, kwa sababu karatasi ya "njia za mkato" aliyopewa tuisheni inasema nyuso jumlisha vipeo toa kingo ni 2, na kweli 4 + 5 − 7 = 2. Nikajaribu mwenyewe kwa mche duara (umbo la kopo): nyuso 3, vipeo 0, kingo 2. Nimepata 1. Kanuni ndiyo mbovu, au sisi ndio hatujui kuitumia? — Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba mama. Kanuni ni nzima. Kibovu ni hiyo karatasi, na si yenu peke yenu. Kila muhula naletewa daftari zenye kosa hilihili.

Mwanao amesahau uso ambao piramidi imeukalia. Hilo ni dogo, watoto wengi husahau kitako. Kubwa ni kwamba kingo hakuzihesabu kabisa. Amechukua 4, akajumlisha 5, akatoa 2, akaandika 7. Kisha "akahakiki" kwa kanuni ileile iliyompa hiyo 7. Itamkataliaje? Ni sawa na kupima jiwe la mizani kwa jiwe hilohilo.

Kingo huhesabiwa kwa kidole. Kwenye piramidi hiyo, zungushia kitako: 4. Kisha fuata zinazopanda kutoka kila kona ya kitako hadi kileleni: 4. Jumla 8. Kama una shaka, pita njia ya pili isiyotegemea ya kwanza: mraba una pande 4, pembetatu nne zina pande 12, jumla 16. Kila ukingo ni mshono wa nyuso mbili, kwa hiyo umehesabiwa mara mbili. Gawa kwa 2, unapata 8. Sasa ndipo kanuni iitwe: nyuso 5, vipeo 5, kingo 8, nayo inatoa 2. Mtoto angekuwa na 4, 5 na 8, ingetoa 1 na kumshtua kwamba kuna kitu amekiacha. Kazi yake ni hiyo, kushtua. Haimwambii kosa liko kwenye namba ipi, na haifai kabisa kama moja ya namba tatu imetokana na hiyo kanuni yenyewe.

Kwa vipeo, tahadhari. Kwenye mche (umbo lenye vitako viwili vinavyofanana, kama boksi), kila kipeo hukutanisha nyuso tatu, hivyo unaweza kugawa jumla ya kona za nyuso kwa 3: mche pembetatu una kona 18, vipeo 6. Kwenye piramidi yenu 16 haigawanyiki kwa 3, maana kileleni hukutana nyuso nne. Vipeo vya piramidi vihesabu kimojakimoja.

Mkiwa na mchoro tu, angalieni mistari ya vitone. Mchemraba uliochorwa bila vitone unaonyesha nyuso 3, kingo 9 na vipeo 7. Mtoto akiniandikia 9 na 7 najua amehesabu karatasi, si umbo. Shika boksi la kiberiti, funga kisanduku chake, tia alama ya kalamu kila ukingo unaoupita: 4 za juu, 4 za wima, 4 za chini. Na muulizeni kwa maneno yasiyoyumba. "Pande" mtaani ni nyuso, darasani ni mistari. "Pembe" ni mbaya zaidi: mchemraba una vipeo 8, lakini pembe zilizo kwenye nyuso zake ni 24, na mtoto anayejibu 24 hajakosea, ameulizwa vibaya.

Sasa mche duara. Hesabu yako ya 3, 0 na 2 ni sahihi. Mwanahisabati Leonhard Euler alipomwandikia mwenzake Christian Goldbach kuhusu uhusiano huu mwaka 1750, alizungumzia maumbo yenye nyuso bapa. Kanuni inataka kila uso uwe kipande kimoja kisicho na tundu, na kila ukingo uwe na kipeo mwanzo na mwisho. Duara la kopo halina mwanzo wala mwisho, na uso wa pembeni ni pete. Tazama kopo la bati lenye mshono wa wima. Hesabu mshono kama ukingo: kingo zinakuwa 3, ncha zake mbili zinakuwa vipeo 2, nyuso zinabaki 3. Unapata 2. Mtihani hauhesabu mshono, kwa hiyo mtoto aandike nyuso 3, vipeo 0, kingo 2 na kanuni asiiguse.

Kinachoniudhi zaidi kwenye karatasi hizi ni koni. Uso mmoja bapa, mmoja uliopinda, ukingo 1, kilele 1: 2 + 1 − 1 = 2. Wanaichapa kama ushahidi kwamba kanuni inafanya kazi kwa kila umbo. Ni bahati tu. Ule uso uliopinda unazidisha 1, ukingo wa duara unapunguza 1, makosa mawili yanafutana. Tufe (umbo la mpira), lenye uso mmoja bila ukingo wala kipeo, linatoa 1. Boksi lisilo na kifuniko, lenye nyuso 5, vipeo 8 na kingo 12, nalo linatoa 1.

Hata ubapa wa nyuso pekee hautoshi. Chukua kipande cha bomba la chuma la mraba, lile la mageti, lililo wazi ncha zote mbili, na ulichukulie kuwa na kona kali: nyuso 4 za nje, 4 za ndani, 2 za miisho, jumla 10. Vipeo 16, kingo 24. 10 + 16 − 24 = 2. Inapendeza, na ni bahati tena, kwa kuwa nyuso za miisho zina tundu. Unganisha kona za ndani na za nje kwenye kila mwisho ili nyuso zikatike vizuri: nyuso 16, kingo 32, vipeo 16. Jibu ni 0. Mwanahisabati Simon Lhuilier alieleza maumbo yenye tundu la namna hii zaidi ya miaka 200 iliyopita. Anayechapa kanuni hii na kuwauzia watoto aandike chini yake: maumbo yaliyofungwa, yasiyo na tundu, yenye nyuso bapa zisizo na tundu, na kingo zilizokwisha kuhesabiwa kwa kidole.