Sauti ya Freddie kwenye filamu ni ya nani?

SWALI: Fundi, shikamoo. Juzi tumeitazama tena filamu ya Bohemian Rhapsody na ubishi ukazuka nyumbani, tukawekeana soda. Mimi nasema anayeimba mle ni Freddie Mercury mwenyewe, yule mwimbaji wa bendi ya Queen. Mdogo wangu anasema ni yule mwigizaji, Rami Malek. Shemeji naye kashikilia kwamba ni Mkanada fulani. Nani mkweli? La pili, kikundi chetu hapa Tanga tunataka kutengeneza filamu fupi ya Siti binti Saad. Tuna binti mwenye sauti nzuri. Amuigeje?

JIBU: Marahaba. Soda mgawane watatu, maana sauti zote tatu zimo. Malek mwenyewe alishaeleza kuwa ni mchanganyiko.

Mkanada wa shemeji ni Marc Martel, aliyekuwa akiimba nyimbo za Injili na bendi ya Downhere. Mwaka 2011 alijirekodi video akiimba Somebody to Love, akitafuta nafasi kwenye kundi la kupiga nyimbo za Queen, na watu wakashika vichwa.

Kwa nini atafutwe mtu wakati kanda za Freddie zipo? Kwa sababu kanda inakupa kile alichoimba siku ile, basi. Filamu inamtaka Freddie aliyekaa kwenye piano, anajaribu mstari, anakatiza, anaurudia kwa sauti ya chini. Hiyo kanda huipati popote. Kwa Live Aid, lile tamasha la hisani pale Wembley, London, 13 Julai 1985, sauti ya Freddie ipo, ikatumika. Hata hivyo Malek aliimba kwa nguvu zake zote mbele ya kamera, maana midomo unaweza kuidanganya, mishipa ya shingo huiwezi. Wasanii wetu wa pleibeki, wanaochezesha midomo tu juu ya rekodi, wangejifunza hapo.

Wengi wanaomuiga Freddie hukimbilia kupandisha sauti juu, na hapo ndipo wanapopotea. Mwaka 2016 watafiti wa sauti walipima rekodi zake, wakakuta akizungumza sauti yake ilikaa kwenye Hezi 117 hivi (mitetemo 117 kwa sekunde), yaani sauti ya kiume ya kawaida, ile ya kati iitwayo baritoni. Kilichomtofautisha zaidi ni mtikisiko wa sauti anapoivuta noti: karibu mara 7 kwa sekunde, kasi kuliko waimbaji wengi, tena usiolingana. Noti unaweza kuifundisha kwa wiki moja. Mtikisiko wa mtu ni kama mwendo wake, unamjua kwa mbali kabla hujaona uso.

Sasa twende kwa Siti. Kabla ya binti kufungua mdomo, hakikisheni kasi ya santuri. Siti alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV, na santuri za enzi zile huandikwa 78 lakini si zote zilirekodiwa kwa mizunguko 78 kamili kwa dakika. Iliyorekodiwa kwa 74, ukiizungusha kwa 78, sauti inapanda karibu nusu toni na mtikisiko unaharakishwa. Binti atamuiga mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Kisha matamshi, na hapa niliwahi kuumbuka. Tulikuwa tunajazia mistari miwili iliyoharibika kwenye kanda ya mwimbaji wa taarab aliyekwisha fariki. Mwimbaji wetu alipata kila kitu: noti, mtikisiko, mpaka ile puani kidogo. Wazee waliomjua marehemu wakasikiliza mara moja tu, wakasema, “Siye.” Nikahangaika na ikwaliza, kile kifaa cha kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, mpaka alfajiri. Kumbe tatizo lilikuwa herufi moja. Marehemu alisema “ghamu” kutoka kooni, mwimbaji wetu akasema “gamu”. Tulirudia neno hilo tu, na wazee wakanyamaza. Siti ni mtu wa Fumba, Unguja. Mtafutieni binti yenu mzee wa huko akae naye, asikilize pia Siti anavuta pumzi wapi. Mwigaji hupumua anapochoka yeye, na sikio linamkamata hapo.

Rekodini sauti safi, maiki moja, chumba kisicho na mwangwi. Msijaribu kumrekodi “kizamani”. Kuchafua ni kazi ya baadaye, kusafisha haiwezekani. Kwenye tukio la Siti akiimba barazani iacheni safi. Pale santuri inapolia ndipo mkate sauti za juu, karibu zote, kwani santuri ile haikuzibeba.

Mkitaka kuunga Siti halisi na binti ndani ya wimbo mmoja, kateni kwenye “s” au “sh”, kamwe si katikati ya irabu. Mvumo wa herufi hizo unafunika kovu. Na ule mkwaruzo wa santuri utandikeni chini ya vipande vyote viwili. Ukikatika ghafla binti anapoanza, hata mtoto atajua.

Mkishaipata santuri nitumieni sekunde thelathini kabla hamjalipia studio. Kasi nitawapimia mwenyewe.